Gitaa la Manati na Amri ya Nane

Mgeni anayesali nasi kwa mara ya kwanza, katika usharika wetu ulio juu ya mji wa Moshi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huuliza swali moja akitoka kanisani. Haulizi habari za kinanda wala za tarumbeta. Huuliza, "Lile gitaa jekundu mlilitoa wapi?" Ni gitaa la umeme lenye umbo la herufi V. Watoto wa shule ya Jumapili walipoliona siku ya kwanza waliliita Manati, na kweli linafanana na manati kubwa: shingo ndiyo mpini, na mabawa yake mawili ndiyo panda. Jina hilo limebaki hata kwenye daftari la mali za kwaya.

Sisi tunaoandika haya tulikuwa viongozi wa kwaya ya vijana gitaa hilo liliponunuliwa. Tumeombwa kueleza lilivyofika, nasi tumekubali, kwa sababu swali la mgeni limetufundisha mengi kuhusu mali, ibada na ukweli. Tunakiri mapema kwamba kwa muda mrefu tulijibu swali hilo vibaya. Tulibishana juu ya umbo la gitaa, huku jambo lililokuwa likitusuta likiwa lingine kabisa.

Fedha za gitaa zilitoka mnadani. Washarika wa Kilimanjaro hawahitaji kuelezwa mnada wa Jumapili ni nini. Baada ya ibada watu hukusanyika nje ya kanisa, na vitu vilivyoletwa kama sadaka hunadiwa: mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maparachichi, magimbi, kahawa kidogo kutoka kihambani. Mtu asiye na shilingi mfukoni ana shina la mgomba nyuma ya nyumba, na kwa njia ya mnada mgomba ule hugeuka bati la kanisa au ada ya mwanafunzi. Katika Sikukuu ya Mavuno ya mwaka ule baraza la wazee lilikubali sehemu ya mapato iende kwenye vyombo vya kwaya ya vijana. Kumbukumbu za kikao ziliandika maneno machache tu: gitaa na amplifaya, shilingi 800,000.

Tunamkumbuka mama mmoja mjane, mzee kwa umri, aliyeleta mkungu wa ndizi mshare siku ile. Aliubeba mwenyewe kichwani kutoka bondeni, akaushusha mbele ya meza ya mnada, akasema, "Huu ni wa gitaa la watoto." Mkungu ulinunuliwa, ukarudishwa mnadani na mnunuzi, ukanunuliwa tena na mwingine, kama ilivyo desturi yetu pale watu wanapochangamka. Kila mara uliporudishwa mama yule alicheka na kupiga makofi. Tulikuwa tumesimama karibu naye, nasi tulipiga makofi.

Wiki iliyofuata tuliteremka mjini watu wanne. Watatu tulikuwa viongozi. Wa nne alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akijifunza ufundi wa magari katika gereji moja mjini Moshi. Alijua kupiga gitaa kuliko sisi sote, ingawa hakuwa mtu wa kuonekana kanisani tangu kipaimara chake. Tulikuwa tumemfuata gerejini tukamwomba awe mpigaji wetu, naye alikubali kwa furaha ambayo hakuweza kuificha.

Mfanyabiashara wa vyombo vya muziki alituonyesha magitaa mawili ya mtumba. La kwanza lilikuwa la umbo la kawaida, rangi ya kahawia, bei 400,000. Kwa fedha iliyobaki tungepata amplifaya nzuri. La pili lilikuwa Manati, nalo bei yake ilikuwa 650,000. Kijana wetu alilishika, akalichomeka, akapiga tuni ya wimbo wa kanisa tunaoujua sote, na watu waliokuwa wakipita nje walisimama kusikiliza. Alisema, "Hili ni zuri, lakini hata lile la kahawia linatosha." Maneno hayo tuliyasikia vizuri. Sisi watatu tulitazamana. Kwaya ya usharika wa jirani ilikuwa na vyombo vipya, na mashindano ya kwaya yalikuwa yanakaribia. Tukasema, "Tunachukua hili." Shilingi 150,000 zilizobaki zilinunua amplifaya iliyochoka, ambayo hata leo hukoroma kabla ya kutoa sauti.

Hapa inafaa tueleze kidogo chombo chenyewe, maana umbo lake lina maana katika jambo hili. Gitaa la kawaida lisilo la umeme hutegemea umbo lake ili lisikike. Uzi ukipigwa, ubao wa juu hutetemeka, na hewa iliyomo tumboni hutetemeka nao. Fundi akikosea tumbo, sauti inakufa. Gitaa la umeme la ubao mzima halina tumbo. Chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo huamka katika waya ule, ukapita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, nayo huukuza na kuupeleka kwenye spika. Kwa hiyo fundi wa gitaa la umeme ana uhuru mkubwa. Anaweza kulichonga kama nyota, kama shoka au kama herufi, na bado litaimba.

Uhuru huo ulitumiwa mapema. Mwaka 1958 kampuni ya Gibson, iliyokuwa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, ilitoa gitaa liitwalo Flying V. Lilichongwa kwa mbao za limba, mti unaoota Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Wateja wa wakati ule hawakulielewa. Katika toleo lile la kwanza yaliuzwa machache mno, chini ya mia moja, na kampuni ikaacha kulitengeneza kabla ya kulirudia baadaye katika miaka ya 1960. Hata hivyo wapigaji wachache walilipenda, mmoja wao Albert King, mwimbaji wa bluzi aliyetumia mkono wa kushoto na kulishika gitaa hilo likiwa limegeuzwa juu chini. Gitaa letu si la kampuni hiyo. Ni nakala ya umbo lile, iliyotengenezwa na watu wengine miaka mingi baadaye.

Basi umbo la Manati halihitajiki ili sauti itoke. Ni umbo lililochaguliwa ili lionekane. Hilo ndilo lililozua maswali Jumapili ya kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo hatukulifikiria dukani. Gitaa la kawaida lina kiuno kinachokaa juu ya paja, kwa hiyo mpigaji anaweza kuketi. Manati haina kiuno. Ukiiweka pajani inateleza, labda uingize paja katikati ya panda na kuinua shingo ya gitaa juu. Kanisani kwetu wapigaji huketi kwenye benchi pembeni, na husimama tu kwaya inaposimama. Kijana wetu alijaribu kuketi, gitaa likateleza, akalidaka, watoto wakacheka. Ikabidi asimame ibada yote akiwa amelivaa kwa mkanda, mbele ya macho ya watu wote, hata wakati wa mahubiri. Alikuwa mtu wa haya. Wengine walidhani anajionyesha.

Baada ya ibada maneno yalianza. Mzee mmoja alisema zile ni pembe mbili, na kila mtu anajua nani ana pembe. Mwingine alisema amewahi kuona gitaa kama lile kwenye picha za wanamuziki wa fujo. Wengine walilipenda, hasa vijana ambao walikuwa wameanza kusalia nyumbani. Jioni ile usharika mzima ulikuwa na maoni juu ya kipande cha mbao.

Baraza la wazee lilituita. Tulijiandaa kama mawakili, na tukubali kwamba hoja zetu zilikuwa nzuri. Tulikumbusha kwamba Martin Luther mwenyewe alipiga luti, chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa, chenye mgongo wa mviringo kama nusu ya tunda. Tulikumbusha kwamba wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893 walitoka katika kanisa linalopenda tarumbeta, na kwamba bomba la shaba lililojikunja mara tatu si umbo ambalo babu zetu walilizoea. Leo tunazika wapendwa wetu kwa sauti ya tarumbeta hizo na kuona kwamba bila hizo maziko hayajakamilika. Tulikumbusha pia kwamba kulikuwa na wakati ambapo ngoma zetu zilionwa kuwa hazifai mlangoni pa kanisa, na sasa zinapigwa mbele ya madhabahu. Tulitaja Zaburi ya 150, inayoita vyombo vya kupuliza, vya nyuzi na vya kupigwa, bila kusema neno lolote juu ya maumbo yake.

Tulikwenda mbali zaidi. Maungamo ya kanisa letu la Kilutheri, katika Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577, yanazungumzia mambo ambayo Neno la Mungu halikuyaamuru wala kuyakataza. Katika mambo hayo kanisa lina uhuru, mradi uhuru huo utumike kwa kujenga na usiwakwaze walio wanyonge katika imani. Tulisema umbo la gitaa ni jambo la namna hiyo. Mungu hakuamuru kiuno wala hakukataza panda. Tuliongeza kwamba Mungu mwenyewe ameumba vitu vingi ambavyo umbo lake linazidi mahitaji. Atembeaye msituni juu ya vihamba vyetu huweza kukuta ua dogo jekundu na njano, lililojikunja kama mkonga wa tembo, ambalo wataalamu wa mimea hulikuta Kilimanjaro peke yake. Mtu asiyependa maumbo ya ajabu atagombana kwanza na Muumba.

Hata leo tunaamini kwamba hoja hizo ni za kweli. Kosa letu lilikuwa kuzitumia kama pazia.

Hoja yetu ya mwisho ndiyo iliyotuumbua. Mzee mmoja aliuliza kwa nini tulinunua gitaa la bei kubwa na amplifaya mbovu, wakati wazee wa benchi za nyuma hawasikii vizuri. Tulijibu kwa habari ya Bethania, Yohana sura ya 12. Mariamu alimpaka Yesu miguu kwa marhamu ya thamani kubwa, Yuda akalalamika kwamba ingeuzwa kwa dinari mia tatu wakapewa maskini, na Yesu akamtetea Mariamu. Tulisema kwamba kwa Mungu hatupimi kwa kibaba.

Yule mama mjane alikuwa mzee wa kanisa wa mtaa wake, naye alikuwamo kikaoni. Alikuwa kimya tangu mwanzo. Aliomba ruhusa kusema, akatuita wanangu, kisha akasema, "Wanangu, Mariamu alimwaga ya kwake. Ninyi mmemwaga ya kwangu."

Hakuongeza neno. Wala hakuwa na hasira. Lakini tangu siku ile hatujaweza kuisoma sura ile kama tulivyoisoma zamani. Uzuri wa sadaka ya Mariamu haukuwa bei ya marhamu peke yake. Marhamu ilikuwa yake, na hasara ilikuwa yake. Mtu anayetoa kwa wingi kutoka katika mfuko wa mwenzake hajafanana na Mariamu, hata kama kitu alichokinunua ni kizuri. Katika 2 Samweli sura ya 24 mfalme Daudi anapewa bure uwanja wa kupuria na ng'ombe wa sadaka, naye anakataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, analipa shekeli hamsini za fedha. Sisi tulikuwa tumetoa sadaka ya fahari ambayo haikutugharimu kitu.

Mtu anaweza kusema kwamba hatukuvunja sheria. Kikao kiliandika gitaa na amplifaya, tukaleta gitaa na amplifaya, na hesabu ilifungwa kwa 800,000 kamili. Ni kweli. Lakini tulijua wazee waliposema gitaa walikuwa na picha gani kichwani. Tulijua yule mama aliposhusha mkungu wake alitaka nini: watoto wasikike. Kuyashika maandishi ya mtoaji huku ukijua kwamba unaiacha nia yake ni namna ya udanganyifu ambayo haionekani kwenye stakabadhi. Mhasibu wa dayosisi angepita vitabu vyetu bila kuona kosa. Dhamiri haikaguliwi kwa namna hiyo.

Sasa tunafika mahali ambapo ni vigumu kuandika. Baada ya maneno ya yule mama mwenyekiti aliuliza, "Ni nani aliyelichagua?" Kulikuwa kimya. Kisha mmoja wetu alisema, "Kijana ndiye mpigaji. Ndiye aliyelijaribu na kulisifu." Wawili waliobaki hatukusema chochote. Hakuna neno lililotamkwa ambalo lilikuwa uongo. Alikuwa mpigaji, alilijaribu, alilisifu. Lakini tuliacha nje sentensi yake ya pili, kwamba lile la kahawia linatosha. Kila mtu katika chumba kile alitoka akijua kwamba gitaa lile ni tamaa ya kijana wa gereji aliyerudi kanisani juzi.

Habari zilimfikia kabla ya jua kuzama. Jumapili iliyofuata hakuja. Jumapili ya pili hakuja. Manati ilibaki ukutani katika chumba cha kwaya, na sisi tulisema kwamba vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.

Kila aliyepata kipaimara katika kanisa letu amekariri Amri ya Nane na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo ya Luther. Luther hakutosheka kusema tusiseme uongo juu ya jirani. Anatutaka pia tumtetee, tumnene vema na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Tulikuwa tukiwafundisha watoto maneno hayo. Hatukuwa tumeona kwamba amri inaweza kuvunjwa kwa kunyamaza. Tulipokuwa tukitetea umbo la gitaa kwa Zaburi na maungamo, hapakuwa na mtu aliyemtetea kijana. Kipande cha mbao kilipata mawakili watatu, na mtu hakupata hata mmoja.

Hapo tulielewa ubishi wetu ulikuwa na kazi gani. Watu wakibishana juu ya pembe na mabawa, hawatauliza juu ya majivuno yetu wala juu ya kijana aliyeondoka. Mungu alimwambia Samweli, alipokwenda kumtafuta mfalme katika nyumba ya Yese, kwamba yeye hatazami sura ya nje kama wanadamu. Tulilitumia fungu hilo kuwakemea wazee waliolihukumu gitaa kwa umbo. Lakini na sisi tulikuwa tumelinunua kwa umbo. Wao walilichukia kwa sura ya nje, sisi tulilipenda kwa sura ya nje. Mtu pekee aliyelishika na kusikiliza sauti yake ndiye tuliyemtwika lawama.

Ilichukua miezi minne kabla hatujakwenda kwa mwenyekiti wa baraza kusema yote. Alitusikiliza, akatuuliza kama tumeshakwenda kwa kijana. Tulisema bado. Akasema, "Basi mmeanzia mahali pasipo."

Wachaga tuna isale. Wasio wa mlimani huuona kama mmea wa kuweka mipaka ya kihamba tu, lakini mkosaji anayemwendea aliyemkosea huchukua jani la isale kama ombi la msamaha, na kwa desturi anayeletewa jani hilo hapaswi kulikataa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi miaka mingi Old Moshi, aliandika sana juu ya desturi za Wachaga, naye aliamini kwamba vifungo vya ukoo, ujirani na rika vinaweza kulitumikia kanisa. Tulishauriana kuhusu isale. Tuliogopa kwamba tukilipeleka tutakuwa tunamlazimisha kijana kusamehe, kama vile tumekuja na hati. Mwishowe tulilipeleka, lakini kwanza tulikwenda kwa baraza, tukasema mbele ya wote maneno aliyoyasema dukani, na kuomba yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Tulitaka jina lake lisafishwe hata kama angetufukuza.

Hakutufukuza. Alilipokea jani, akaita mama yake atuletee chai. Alisema kilichomuuma si maneno ya wazee, kwa maana wazee hawakumjua. Kilichomuuma ni kwamba sisi tulikuwa pale dukani. Alisema amesamehe. Alisema pia kwamba hatarudi kupiga katika kwaya yetu, kwa sasa anasali mjini karibu na gereji, na huko wanamwacha aketi. Tulitaka kumshawishi, tukajizuia. Msamaha wa mtu si tiketi ya kumrudisha katika kazi zetu.

Kuhusu fedha, tuliomba kulipa tofauti, shilingi 250,000. Wazee wengine walisema si lazima, jambo limekwisha. Yule mama mjane alisema, "Waacheni walipe, watalipenda zaidi." Basi sisi watatu tulilipa. Hatukupitisha bahasha kwa wanakwaya, maana hawakuwa na kosa. Tulichuma kahawa kwa ujira katika mashamba ya watu, tulibeba mchanga wa ujenzi, mmoja wetu aliuza mbuzi. Msimu ulipoisha deni lilikwisha. Fedha hizo zilinunua spika moja ya kuwekwa karibu na benchi za nyuma. Amplifaya bado inakoroma, lakini sasa wazee wanasikia inavyokoroma, nao hututania.

Hatukuliuza gitaa. Wapo waliotaka tuliuze, kana kwamba dhambi ilikuwa ndani ya mbao. Tuliona kwamba kuliuza kungekuwa njia nyingine ya kulilaumu badala yetu. Lakini tulilazimika kujiuliza upya: kuwa na kitu maana yake ni nini?

Mlima wetu unatufundisha jibu. Mifongo inayoleta maji kutoka msituni hadi vihambani ilichimbwa na mababu kwa mikono. Mfongo una ukoo wake, na hakuna anayebisha ni wa nani. Hata hivyo maji yake huenda kwa zamu, na mwenye zamu hutarajiwa kujitokeza na jembe siku ya kusafisha. Mtu anayeuziba mfongo ili bwawa lake lionekane zuri hajawa tajiri wa maji. Maji yake yataoza, na jirani atakosa. Kwa wazee wetu umiliki ulikuwa wajibu wa kupitisha. Mtume Paulo naye anawauliza Wakorintho wana kitu gani ambacho hawakukipokea.

Tumejaribu kulimiliki gitaa kwa namna hiyo. Daftari la kwaya linasema Manati ni ya usharika, na pembeni imeandikwa kwamba ilitokana na mnada wa mavuno. Halifungiwi. Likiombwa na mtaa mwingine kwa maziko au harusi, linakwenda, na anayelipeleka hulirudisha likiwa limefutwa. Hakuna mpigaji anayelazimishwa kusimama ibada nzima. Fundi seremala wa usharika alitengeneza kiti kirefu kisicho na mikono, ambacho mpigaji anaweza kukikalia huku paja likiwa katikati ya panda, na gitaa haliendi popote. Kilikuwa kitu rahisi sana. Tungekifikiria siku ya kwanza kama tungemtazama mpigaji badala ya kutazamwa.

Kijana wetu, ambaye sasa ni fundi kamili, hupanda mlimani baadhi ya Jumamosi. Anafundisha wasichana wawili wa kipaimara kupiga gitaa. Hatukumwomba. Alisikia kwamba gitaa limetundikwa bila mpigaji, akasema nyuzi zinaota kutu bure. Mmoja wa wasichana hao ni mdogo kiasi kwamba Manati likiwa mwilini mwake linakaribia kumficha. Alipopiga kanisani mara ya kwanza alikosea mara mbili, akaendelea. Mama yule mjane alikuwa benchi la nyuma, karibu na spika. Tulipomsalimu nje baada ya ibada, shikamoo, marahaba, alituambia, "Leo nimelisikia gitaa langu."

Ndugu msomaji, huenda usharika wako hauna gitaa la umbo la ajabu. Huenda una jengo jipya, gari, vazi la kwaya, au jina zuri ambalo majirani wanalitazama. Hatukuandika ili kukuambia kwamba vitu hivyo ni vibaya. Tunaomba tu ujiulize maswali ambayo sisi tulichelewa kujiuliza. Kilinunuliwa kwa mkungu wa nani? Aliyeutoa alitaka nini? Na siku kilipoleta aibu, ni nani tuliyemwacha aibebe peke yake? Akiwapo mtu huyo, nenda kwake kabla hujakwenda kikaoni.

Bwana atusaidie kusema ukweli wote juu ya jirani zetu, hata ule tunaoweza kuuficha kwa kunyamaza. Amina.